Ukurasa wa Msomaji Mmoja

Hakuna mtu aliyewahi kununua chungu kwa Mama Vyungu bila kuhojiwa kwanza. Ungeingia dukani kwake, mtaani Suna, mlango wa pili kutoka ofisi yetu ya kupiga chapa, ukanyoosha kidole na kusema, "Nipe hicho." Angeendelea kupangusa alichokuwa akipangusa, kisha angeuliza bila kugeuka:

"Cha kazi gani?"

"Ni chungu tu, Mama."

"Chungu tu hakuna. Kuna cha maji, kuna cha mboga, kuna cha samaki, kuna cha uji, kuna cha dawa. Wewe unataka kufanya nini?"

Ofisa mmoja wa serikali, mgeni katika mji wetu wa Migori, alikuja kutafuta chungu kikubwa cha kuweka sebuleni. Mama Vyungu akamuuliza atatia nini ndani. Yule bwana akasema hatatia kitu, ni cha kupendeza nyumba. Mama akamtazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Basi nunua picha," akamwambia. "Chungu kikikosa kazi kinapasuka kwa hasira."

Ofisa alicheka akaenda zake. Kesho yake alirudi na kusema atatia maji ya kunywa. Mama akamuuzia, tena akamfungia vizuri kwa majani makavu ya migomba. Alipokwisha kuondoka akaniambia, "Amedanganya, huyo. Lakini angalau amelala akifikiria."

Mimi wakati huo nilikuwa natafuta visingizio vya kukaa dukani kwake. Nilikuwa nimemaliza shule bila alama za kunipeleka mbele, na kila nilichojua kuhusu mashine nilijifunza mwenyewe, kwa kuharibu na kutengeneza. Nilikuwa, na bado niko, mtu wa kufuta. Barua yenye koma iliyofifia niliipiga chapa upya yote. Mteja akisema "imetosha, dada," nilimnyang'anya karatasi, kwa sababu nilijua haijatosha. Hata haya ninayoandika sasa nimeyaanza mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema. Mama Vyungu alinibatiza Nyar Kufuta, binti wa Kufuta, kana kwamba Kufuta ni kijiji fulani ambako watu wote wana mikono inayotetemeka.

"Nyar Kufuta," angeniita, "njoo uchague kifuniko. La, usije. Wewe utachagua mpaka jioni."

Vyungu vyake vilitoka nyumbani kwao, upande wa Homa Bay, karibu na Rangwe, ambako wanawake wa ukoo wa mume wake walivifinyanga na kuvichoma. Vilifika kwa lori vikiwa vimelala kwenye nyasi, na kabla ya kumlipa mtu yeyote alivigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, sikio likiwa limeinama. Alinifundisha. Chungu kizima ukikigonga kinaitika mpaka mwisho. Chenye ufa, hata ufa usioonekana, kinaanza kuitika halafu kinanyamaza katikati ya neno.

Alikuwa Msabato wa kweli, na alikuwa mgonjwa wa mpira. Mambo hayo mawili yalimtesa, kwa sababu mechi kubwa nyingi zilichezwa Jumamosi. Siku za kazi redio yake ndogo aliitumbukiza ndani ya dapi, mtungi wa maji, mdomo wa mtungi ukielekea barabarani, na sauti ya mtangazaji ilitoka nzito kama ya askofu. Wapakiaji wa lori walisimama nje kusikiliza. Jumamosi duka lilifungwa. Lakini ukipita uani baada ya ibada ungemkuta amekaa kwenye kigoda, Biblia magotini, na kando yake dapi lililofunikwa kifuniko, likinguruma.

"Mama, leo si Sabato?"

"Mimi sisikilizi. Chungu ndicho kinasikiliza." Halafu, macho yakiwa kwenye Biblia, "Wamefunga?"

Sijui alikozaliwa wala simjui baba yake. Najua kwamba hakuweza kuvumilia mtu anayeomba. Mtu akija na mkono ulionyooshwa alimpa ufagio, na baada ya kufagia alimpa chakula. Najua pia kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiomba kila siku, kwa njia ambayo mtu asiyemjua asingeiona. Kila lori la posta lilipopita kuelekea mjini aliacha kazi na kulitazama mpaka lipotee.

Alikuwa na watoto wawili wa kiume. Wa kwanza alikwenda India kusoma mwanzoni mwa miaka hii ya tisini. Ukoo mzima ulichanga, pamoja na walimu wake na kanisa. Baba yao alikuwa amekwisha kufariki. Barua zilikuja, zenye stempu za tembo na tausi, kisha zikaanza kupungua, kisha zikakoma. Barua ya mwisho ilisema atatuma picha yake. Kijana mmoja aliyerudi kutoka huko alisema mwenzake aliacha chuo. Mwingine alisema alisikia amepanda meli kutafuta kazi nchi nyingine. Mama Vyungu aliwasikiliza wote wawili, akawapa soda, na hakuwaamini.

"Amenyamaza katikati ya neno," aliniambia siku moja. Ndiyo sentensi pekee ya huzuni niliyowahi kuisikia kwake kuhusu jambo hilo, na aliisema akiwa na chungu mkononi.

Kwa kawaida alimzungumzia kwa vicheko. Alipenda sana kisa cha kinu. Pale Rangwe, kando ya barabara, palikuwa na kinu cha kusaga mahindi, na tangu akiwa mdogo kazi ya yule mtoto ilikuwa kupeleka mahindi kinuni. Alirudi mweupe kwa unga mpaka kope. Mama yake, akiwa mlangoni, alijifanya hamjui.

"Karibu, mgeni. Umetoka wapi?"

"Kinuni, Mama."

"Na mwanangu umemwacha wapi?"

"Anakuja nyuma."

Hapo ndipo alipomfuta uso kwa leso, na mtoto akawa wake tena. Walicheza mchezo huo mpaka kijana ana ndevu. Kinu chenyewe kiliondolewa muda mfupi baada ya yeye kusafiri. Mwenye kinu alihamisha mashine, mabati yakang'olewa, na baadaye pakajengwa pampu ya petroli.

Mtoto wa pili ndiye niliyemfahamu. Alisimamia lori, akabeba vyungu, akafanya mizaha na kila mtu. Alikuwa na mchumba, msichana wa upande wa Asumbi, na uchumba huo ulikuwa mrefu hadi wakwe wakaanza kuuliza kama kijana ana ugonjwa. Hakuwa na ugonjwa. Alikuwa na kaka. Kwetu mdogo hamruki mkubwa. Nyumbani kwao, kwa kaka yake, simba bado ilikuwa imesimama, kile kibanda anachojengewa kijana ambaye hajaoa, na kila mwaka mama yao aliiezeka upya kwa nyasi mpya. Kaka angekuwepo, angeoa kwanza. Kaka angekufa, angezikwa, na njia ingefunguka. Lakini kaka hakuwa hai wala maiti, na mdogo alisimama nyuma yake kama gari lililozuiwa na ng'ombe barabarani.

Basi hapo ndipo mimi na kitabu changu tulipoingia.

Ofisi yetu ilikuwa imepata kompyuta, na mimi nilikuwa nimepata kitabu kinene kisicho na jalada, sura za mwanzo zimechanika, kuhusu namna ya kutengeneza kurasa za biashara zinazoweza kusomwa dunia nzima kwenye mtandao wa kompyuta, kwa njia ya simu. Migori hatukuwa na mtandao huo. Binamu yangu alikuwa Nairobi katika ofisi iliyokuwa nao. Tulikubaliana: mimi nitaandika ukurasa kwenye disketi, nitampa kondakta wa basi, binamu ataupandisha, na ujumbe wowote ukija atauchapa kwenye karatasi na kuniletea kwa basi lilelile. Nilihitaji mteja wa kwanza. Nilimweleza Mama Vyungu kama nilivyowaeleza wafanyabiashara wengine wa mtaani, Waislamu wa duka la vitambaa na yule wa vipuri, ambao walinisikiliza kwa adabu na kunipa chai.

Yeye aliniuliza swali moja. "Mtu akiwa India anaweza kuiona?"

"Anaweza."

"Na akiwa nchi nyingine? Kwenye meli?"

"Kwenye meli sijui, Mama. Lakini nchi yoyote yenye kompyuta."

Aliweka kitambaa chini. "Tengeneza."

Kitabu kilisema hakuna kutengeneza kabla ya kuweka malengo. Ndiyo sura niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu ilinipa ruhusa ya kutoanza. Maswali yalikuwa haya: nani atakuja kwenye ukurasa wako, unataka afanye nini akifika, na utajuaje kwamba amefanya. Nilimsomea moja moja, nikitafsiri, kalamu mkononi. Mtoto wake mdogo alikuwa mlangoni akipumzika juu ya gunia.

"Nani atakuja?"

"Mmoja," akasema Mama.

"Wateja wa aina gani, ndiyo maana yake. Wa hoteli, wa nyumbani, watalii..."

"Nyar Kufuta, umesikia. Mmoja."

Nikaandika: mmoja. "Unataka afanye nini akifika?"

"Aandike. Hata neno moja. Hata matusi."

"Na utajuaje kwamba ukurasa umefaulu? Kitabu kinasema lazima pawe na kipimo."

"Kipimo?" Alicheka kidogo. "Yawa, huyu mtoto! Mimi nimemzaa, sitajua maneno yake?" Kisha akaninyang'anya kitabu, akakigeuza juu chini kama mtu anayetafuta ufa. "Na lini? Mbona hakijauliza lini? Mimi nikichoma chungu najua kinatoka lini motoni. Kitabu gani hiki?"

Ilikuwa kweli. Sura hiyo haikuwa na lini, au labda lini ilikuwa kwenye kurasa zilizochanika. Mama Vyungu akaiongeza mwenyewe. "Mpaka mvua ndefu za mwaka ujao. Zikianza kunyesha hajaandika, basi."

"Basi nini?" akauliza kijana wake kutoka mlangoni.

Mama akanirudishia kitabu changu. Wote watatu tulijua. Shemeji yake mkubwa, kaka wa marehemu mume wake, alikuwa amekuja dukani mwezi uleule, akakaa kwenye kigoda na kofia yake magotini, akasema alichotumwa na ukoo. Mtu akipotea na mwili wake usionekane, kwetu huzikwa tunda la yago badala yake, lile tunda refu zito linaloning'inia kwenye mti wake kwa kamba. Hulazwa kaburini kama mtu, watu hulililia, na walio hai huendelea kuishi.

"Shemeji," mzee alimwambia, "hakuna anayemchukia mtoto. Lakini huyu mwingine tunamzika akiwa hai."

"Nimesikia, baba."

"Unasikia kila mwaka."

"Mwaka huu nitaweka siku," alisema. Na sasa alikuwa ameiweka, kwenye karatasi yangu, chini ya maswali ya kitabu cha biashara.

Kuutengeneza ukurasa wenyewe kulitutia kwenye ugomvi. Mimi nilitaka tuandike jina la mwanawe na kwamba mama yake anamtafuta. Alikataa kabisa. "Nimtangaze kama ng'ombe aliyepotea? Mtoto akijua mama yake analia ataona aibu kurudi. Andika vyungu. Andika kwamba biashara ni nzuri. Mtu hurudi kwenye nyumba yenye moshi."

"Lakini atajuaje kwamba ni wewe?"

Akafikiri. Siku iliyofuata fundi wa mabango alikuja na ngazi. Duka ambalo halikuwahi kuwa na jina likaandikwa kwa rangi nyekundu: MAMA NA MWANA, VYUNGU VYA RANGWE. Kijana wake mdogo alishuka kwenye lori, akasoma, akasimama mikono kiunoni.

"Mama na mwana," akasema. "Mwana yupi?"

"Panda uweke nyasi vizuri, vile vya juu vitavunjika."

"Nauliza tu. Maana mimi hapa, mimi ni nani? Turubali?"

Wapakiaji waliangua kicheko, naye akacheka nao, na mama yake pia akacheka. Lakini niliona alivyopanda lile lori. Baadaye Mama Vyungu alimpelekea chai yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwa akilifanya, na akasimama pale chini ya lori mpaka akainywa yote.

Ukurasa ulikuwa na picha moja, ya dapi. Picha ilichorwa kwa mkono kwa sababu hatukuwa na mashine ya kunakili picha. Nilichora kwenye kompyuta, kitone baada ya kitone. Wanawake wa nyumba yao huzungusha kamba iliyosukwa shingoni mwa chungu kibichi, mizunguko miwili, halafu huacha nafasi, halafu mzunguko mmoja. Wengine hawaachi nafasi hiyo. Mama Vyungu alisema mwanawe ataijua kabla ya kusoma herufi yoyote. Niliichora na kuifuta, nikaichora na kuifuta. Kila asubuhi alichungulia dirishani.

"Bado?"

"Nafasi imekuwa pana kidogo, Mama."

"Nyar Kufuta, hata waliovifinyanga hawapimi. Acha."

Sikuacha upesi, lakini niliacha. Disketi ikapanda basi. Wiki iliyofuata binamu alinitumia karatasi inayoonyesha ukurasa ulivyoonekana, na Mama Vyungu aliibandika ukutani kwa uji wa wanga, juu ya uwele na mihogo mikavu aliyokuwa akila mchana. Kila basi la Nairobi lilipofika aliacha duka mikononi mwa mtu yeyote, hata mteja, akaja kusimama nami stendi.

Ujumbe ulikuja. Kuna mtu wa nchi ya mbali aliyetaka kujua kama udongo wetu una madini ya risasi. Kuna mwanafunzi wa Nairobi aliyemwomba binamu amsaidie na yeye kutengeneza ukurasa. Hoteli moja ya Kisumu iliagiza mitungi ishirini, na hiyo ilikuwa oda kubwa kuliko zote ambazo duka lilipata msimu ule. Mimi niliruka kwa furaha. Kitabu changu kingeiita ushindi.

Mama Vyungu alinisikiliza nikiisoma. "Wanataka vya kazi gani?" akauliza. Nikamwambia vya maji, vya kuweka kwenye korido. Akasema vizuri. Akaipanga oda ile kwa uangalifu mkubwa, akaigonga mitungi yote ishirini. Lakini aliporudi ofisini aliketi kwenye kiti cha wateja, jambo ambalo hakulifanya kamwe, akasema, "Wewe umesema lengo ni moja."

"Wewe ndiye uliyesema, Mama."

"Ndiyo," akasema. "Mimi ndiye."

Chini ya ukurasa binamu aliweka kihesabu cha wageni, kama ilivyokuwa mtindo. Mama aliposikia habari zake alitaka kujua namba kila wiki, na namba ilipanda, naye akapanda nayo. Nilimpigia binamu simu kumwambia jinsi mama alivyofurahi. "Dada," akasema, "wengi ni mimi. Nafungua kuangalia kama haijaharibika."

Nilikaa na neno hilo siku nzima kama mtu aliyemeza mbegu. Jioni nilimwambia. Sikujua kusema uongo, hata wa huruma. Uongo nao ungenihitaji kuuandika upya mpaka ukamilike. Mama Vyungu akaitikia kwa kichwa.

"Binamu yako ni mtu mzuri," akasema. "Anapita kuangalia mlango."

Mvua ndefu zilichelewa mwaka huo. Sijawahi kuona mtu wa Rangwe, mwenye shamba la mahindi, akishukuru kwa ukame. Majirani waliinua macho wakilalamika. Yeye aliinua macho na kushusha pumzi. Halafu alasiri moja upepo ulivuma vumbi la barabara yote, mabati yakaanza kulia, na mvua ikashuka kwa nguvu hivi kwamba sikusikia mashine yangu. Nilitoka barazani. Naye alikuwa ametoka kwenye baraza lake. Tulitazamana kupitia pazia la maji. Alikuwa na mtungi mkononi. Akautanguliza mdomo wake chini ya mfereji wa paa, ukajaa, akauingiza ndani. Hakuahirisha. Sikumsikia hata mara moja akisema tungoje wiki nyingine. Kabla ya jua kutua alikuwa amemtuma kijana wake kwa shemeji.

Nilikwenda kwenye maziko. Nilikaa mwanzoni nikijiuliza mtu anavaa nini kuzika tunda, na nikabadilisha nguo hadi nikakaribia kuchelewa. Watu walikuwa wengi. Walikuwa wamelichuma yago kubwa, wakalifunga kwa shati lake la shule ambalo mama yake alikuwa amelitunza, na shati lilikuwa dogo, la mtoto wa sekondari, hata mikono yake ikafungwa mbele kwa fundo. Kaburi lilichimbwa kando ya simba yake. Wachimbaji walikuwa vijana wa ukoo, na walichimba kulingana na walichokuwa wanazika.

Mama Vyungu alifika ukingoni, akatazama ndani.

"Mbona shimo fupi?"

Vijana wakatazamana. Shemeji mzee akaanza, "Shemeji, kwa kuwa ni..."

"Mwanangu alikuwa mrefu," akasema. "Baba yake mlimjua. Walikuwa wanainama mlangoni wote wawili. Mtamlaza wapi miguu?"

Mwanawe mdogo ndiye aliyeshuka shimoni. Alivua koti, akachukua jembe kwa mmoja wao, akachimba peke yake kurefusha kaburi, na udongo ulikuwa mzito kwa mvua. Alipomaliza alijilaza ndani mara moja, chali, kupima, maana yeye na kaka yake walikuwa na kimo kimoja. Wanawake walipiga kelele. Akainuka, tope mgongoni, akasema, "Inatosha, Mama." Ndipo wakaliteremsha tunda lile, dogo katika nafasi ile yote, na mama yake akaanza kulia, na kilio hicho siwezi kukiandika. Nimejaribu.

Mambo yakafunguka kama wazee walivyosema. Simba ya kaka ilibomolewa. Mdogo akajenga, akaoa, na harusi ilikuwa na vicheko vingi. Mama Vyungu akafunga duka la Suna na kurudi nyumbani, akaanza kuuzia kando ya barabara pale Rangwe, karibu na wanawake wanaofinyanga. Sikumwona kwa msimu mzima.

Nilipomtembelea, nilimkuta chini ya kibanda kipya kilichoezekwa mafunjo. Alikuwa amepungua. Redio ilikuwa ndani ya dapi, ikinguruma. Bango jekundu la duka lilikuwa pale, limeegemezwa ukutani na vifuniko vimepangwa mbele yake, nikaona herufi za juu tu.

"Nyar Kufuta! Umekuja kununua au kuchagua?"

"Nimekuja kukuona, Mama."

"Basi keti. Wamefunga moja bila."

Tulikunywa chai ambayo mkwe wake alituletea. Nilikuwa na jambo ambalo lilinisumbua, nami sikujua pa kuanzia: ukurasa. Ulikuwa bado uko kule, unaonyesha duka la Suna ambalo halipo. Nikamwambia binamu anaweza kuushusha, si kazi ngumu.

"Kwa nini aushushe? Biashara haijafa. Nimehama tu. Andika nimehama."

Nikatoa kalamu. "Nielekeze basi, niandike jinsi ya kufika."

"Ukitoka Homa Bay," akasema, polepole ili niandike, "shuka kinuni. Vuka barabara. Fuata njia ya..."

"Mama, kinu hakipo. Pale sasa ni pampu ya petroli."

"Andika kinu."

"Mteja akisoma kinu atapitiliza mpaka Asumbi. Hakuna mtu anayekijua tena." Nikasikia nilichokuwa nasema, lakini mdomo wangu umezoea kusahihisha. "Lengo la maelekezo ni kwamba mtu..."

"Lengo ni kuuza vyungu." Alichukua chungu kimoja akaanza kukipangusa, ingawa kilikuwa safi. "Aliyezikwa ni aliyezikwa. Mimi mwenyewe nilikuwepo. Andika kinu."

Nikaandika kinu. Nikaandika kuvuka barabara, na ile njia ya nyuma, na mwerezi wa jirani. Nikamsomea yote. Alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama, kama anavyosikiliza chungu.

"Ongeza kwamba kabla ya kuvuka atazame pande zote mbili," akasema. "Zamani gari lilipita moja moja. Siku hizi zinakimbia."

Disketi iliondoka na basi. Baada ya siku chache binamu yangu alinipigia simu ofisini. Yeye pia ni mtu wa huku. Akasema, dada, umekosea, Rangwe hakuna kinu tangu tukiwa shule, nirekebishe?

Nikamwambia aache hivyo hivyo.